Chekeche Lisilotiwa Buluu

Kazini walimwita Jicho. Jina hilo hakulipata kwa uzuri wa macho, alilipata kwa kazi aliyoyafanyisha macho yenyewe. Alikuwa mchambuzi wa vigamba katika maabara ya elimu ya bahari, na mtu asiyemjua akimuuliza, "Dada, wewe unafanya kazi gani?" alicheka kwanza, halafu akasema, "Nachambua mchanga." Aliyeuliza alidhani ni mambo ya ujenzi, akaendelea na safari yake.

Kila asubuhi, akishamwacha bintiye kwa jirani anayelea watoto, alikaa kwenye stuli yake ya dirishani, akavuta hadubini, akamwaga mchanga kidogo kwenye trei nyeusi, kama mtu anayetia chumvi kwenye yai. Mkononi alishika brashi ambayo nywele zake alikuwa amezipunguza mwenyewe kwa wembe mpaka zikabaki tatu. Aliilowesha, akaigusisha kwenye kigamba, kikanata, akakihamishia kwenye kibao chenye vyumba sitini vilivyopakwa gundi. Kimoja. Kingine. Kingine. Alipumua kwa pua, polepole, maana chafya moja ilitosha kumaliza kazi ya juma zima.

Ukivitazama vigamba kwa macho matupu, ni vumbi tu. Chini ya hadubini ni majumba. Ndani ya kila kimoja aliwahi kuishi kiumbe asiye na moyo wala jicho wala utumbo, tone la uhai, seli moja basi. Lakini tone hilo linajijengea nyumba. Linaanza na chumba kimoja, kidogo kuliko vyote. Likikua, linaongeza cha pili kikubwa zaidi, kisha cha tatu, na hakuna chumba linachokibomoa. Jicho alipenda jambo hilo kuliko yote. Aliwaza kwamba ukikipasua kigamba cha mzee kabisa, katikati utakuta kile chumba alichokuwa nacho akiwa mtoto mchanga.

Alikuwa ameingia pale kama mfagiaji, na cheti cha darasa la saba. Aliyemtoa kwenye ufagio akampa brashi ni Profesa, mzee mwenye sweta moja na subira nyingi, aliyebakiza miezi tu astaafu. Kazi ya Profesa ilikuwa kuvipanga vigamba hivyo, kila kimoja na kwao.

"Jicho, unawajua binamu zako wote?" alimuuliza siku ya kwanza ya kumfundisha.

"Nawajua, Profesa. Hata wale nisiotaka kuwajua."

"Basi ni hivyo hivyo. Spishi ni kama mtoto. Jenasi ni nyumba ya baba yake, pamoja na ndugu zake wa tumbo moja. Familia ni kwa babu. Ukipanda zaidi unafika kwenye ukoo."

"Na wakwe?"

"Hawa mara nyingi wanajigawa tu wenyewe. Hawana wakwe."

"Wana raha hao."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Lakini sheria moja hakuwahi kuicheka, nayo ni sheria ya buluu.

Matope yakija kutoka baharini huoshwa juu ya chekeche lenye matundu madogo mno, uchafu unapita, vigamba vinabaki. Sasa hata uoshe chekeche namna gani, vigamba viwili vitatu hung'ang'ania kwenye nyuzi. Ukiosha sampuli nyingine juu yake, vile vya jana vinaangukia humo, na hutajua yupi wa wapi. Kwa hiyo, kila baada ya sampuli moja, chekeche huchovywa kwenye beseni la rangi ya buluu. Chochote kilichobaki kinageuka buluu. Kesho ukikuta kigamba cha buluu kwenye trei yako, unajua ni mgeni, unamtoa. Baada ya kuchovya unaandika kwenye daftari: namba ya sampuli, saa, na tiki kwenye safu ya rangi. Kazi ya nusu saa. Ubaya wake ni kwamba rangi ile huingia kwenye kucha, na glavu zilikuwa hazidumu. Muuza duka wa mtaani kwao aliwahi kumwambia mbele za watu, "Mama, mikono hiyo umeiba wino wa nani?"

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka alipokutana na wale saba. Profesa alikuwa ameletewa matope yaliyochimbwa kwa bomba refu kutoka sakafu ya bahari. Kadiri yalivyotoka chini ndivyo yalivyokuwa ya kale. Kwenye sampuli namba kumi na nne, ya chini kabisa ya bomba, Jicho alipata vigamba saba vilivyokataa kuingia chumba chochote cha kibao. Alivizungusha kwa brashi, akavigeuza chali, akaenda kugonga mlango.

"Profesa, kuna saba hapa hawana kwao."

Profesa alikuja akainama kwenye hadubini, na chai yake ikapoa. Chumba cha mwisho cha kila kigamba kilikuwa kimevifunika vyote vilivyotangulia, kama kuku alivyofunika vifaranga, na mdomo ulikuwa ubavuni, mrefu, na meno mawili yanayotazamana. Wiki tatu nzima alifungua vitabu na kuandikia wenzake wa mbali. Hatimaye akamwita.

"Jenasi mpya," alisema. "Iliishi zamani, miaka milioni mbili nyuma, ikatoweka. Halafu tazama wanavyong'aa! Muda wote huo matopeni, utadhani wamekufa jana."

Akamweleza namna jenasi inavyoelezwa: idadi ya vyumba, mkunjo wake, ukuta, mdomo, meno, ndugu zake wa karibu, na mwisho umri wake. Kimoja kati ya wale saba kitachaguliwa kuwa kielelezo, kihifadhiwe na jina jipya milele. Jenasi ataipa jina la umbo lake. "Na spishi," akasema, "nitaipa jina lako."

"Langu mimi? Mimi wa darasa la saba?"

"Wao hawakukuuliza cheti."

Siku hiyo alitembea kwenda nyumbani bila kuhisi miguu. Alimwambia mume wake, na kosa lake lilikuwa kumwambia akiwapo wifi yake. Wifi huyo, dada mkubwa wa mume, alikaa nyumba ya pili, na habari ikifika kwake imefika kila mahali.

"Ngoja wifi, nielewe," alisema. "Kuna mdudu atabeba jina lako mpaka kiama?"

"Si mdudu."

"Haya, ni nini?"

"Ni kiumbe cha seli moja."

"Seli moja! Jina la mama mzima, na mwili wote huo, wamempa wa seli moja. Ningekuwa mimi ningeomba angalau nyangumi." Kisha akamkumbatia, akalia kidogo, na asubuhi yake mtaa mzima ulijua. Bombani walimwita Bi Spishi. Dukani, yule yule wa wino, alisema, "Bi Spishi, sukari kilo au nusu?" Jicho alijifanya kukasirika. Kwa kweli alipenda, tena alipenda sana, hata akaanza kupita njia ya dukani bila ya kuwa na cha kununua.

Miezi mitano ikapita hivyo. Maelezo ya jenasi yakakaribia kukamilika. Jumatatu moja Profesa akamwambia, "Jicho, nisaidie kusafisha rafu ya nyuma. Yule mwanafunzi aliyehamia chuo kingine harudi tena. Chupa zake zimwage."

Chupa zilikuwa chache, mchanga uliooshwa na kukaushwa lakini haukuwahi kuchambuliwa. Ni mchanga wa juu ya sakafu ya bahari, wa viumbe wanaoishi sasa. Jicho hakuwa mtu wa kumwaga kitu bila kukitazama. Alichukua chupa ya kwanza, namba kumi na tatu, akanyunyiza kidogo kwenye trei, akainamisha kichwa.

Walikuwa wamejaa. Si saba, ni wengi hawahesabiki, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja chumba chake cha mwisho kimevifunika vingine, mdomo ubavuni, meno mawili. Wanang'aa. Wengine walikuwa bado na wekundu mdogo ndani, ule unaobaki kiumbe akikaushwa siku aliyotolewa majini.

Jicho aliinua kichwa. Maabara ilikuwa kimya, fundi aliyefanya naye kazi amekwenda kunywa chai. Alikwenda kwenye kabati akafungua daftari la kuoshea. Namba kumi na tatu, saa nane na nusu mchana. Namba kumi na nne, saa tisa kasoro dakika kumi. Katikati, kwenye safu ya rangi, tiki. Mwandiko wake.

Dakika ishirini kuosha chekeche, kulichovya, kulisuuza tena na kuanza sampuli nyingine? Haiwezekani. Hakulichovya. Alitia tiki tu.

Akatafuta sababu, kama mtu anavyopapasa mfukoni akijua hana kitu. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa, alijiambia. Ndiyo, mtoto alikuwa na homa, jirani alipiga simu, ilibidi akimbie. Jioni, nyumbani, alitoa kadi ya kliniki kwenye droo ya chini akaitazama tarehe. Homa ilikuwa wiki mbili baadaye. Siku ile mtoto alikuwa mzima kabisa, amevaa gauni la njano. Siku ile bintiye alitimiza mwaka, na walikuwa na miadi ya saa kumi na moja kwa mpiga picha. Jicho hakutaka kukaa kwenye picha na kucha za buluu.

Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Profesa alikuwa amemwambia chupa zimwagwe. Kwa hiyo angeweza kumwaga, na asingekuwa amevunja amri ya mtu. Asubuhi yake alizimwaga zote isipokuwa ile. Namba kumi na tatu aliifunga kwa karatasi akaisukuma nyuma ya droo yake, pamoja na pamba na brashi zilizokufa. Hakuimwaga, na hakusema. Ikalala humo.

Jumanne Profesa alimletea chokoleti ya mtoto. Jumatano kulikuwa na mkutano wa wataalamu ukumbini, na Profesa alitaka awepo. Akamweka kiti cha mbele. Picha ya kigamba ilionekana ukutani, kubwa kama mlango, na Profesa, ndani ya sweta lile lile lakini leo limepigwa pasi, alisema mbele ya watu zaidi ya mia: "Jenasi hii haipo tena duniani. Imetufikia kwa bahati, na kwa macho ya huyu mama." Watu wakageuka, wakapiga makofi. Jicho hakujua afanye nini na mikono yake, naye akapiga makofi. Alijisikia akipiga. Alitamani sakafu ya ukumbi ifunguke immeze na kiti chake.

Tangu hapo hakuweza kula vizuri. Akimnyonyesha mtoto alitazama ukutani, na ukutani ndipo ilipokuwa picha ya siku ile. Aliishusha akaiweka kabatini, mume wake akamuuliza kulikoni, akasema msumari umelegea. Dukani aliacha kupita. Bombani walipomwita Bi Spishi aliitikia, "Abee," akainamia ndoo. Alijiambia atasema Alhamisi. Alhamisi alijiambia Ijumaa. Ijumaa Profesa aliondoka mapema, akafurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Jumanne ya pili, fundi wa maabara aliingia akipiga mluzi. "Bi mkubwa, leo ndiyo leo. Mzee anatuma andiko kwa wachapishaji saa sita. Utatununulia soda?"

"Saa sita?"

"Saa sita juu ya alama. Mbona umekuwa kama karatasi?"

Jicho alifungua droo. Alichukua chupa, hakuifungua ile karatasi, akaenda nayo mpaka mlango wa Profesa. Akapiga moyo konde, akagonga.

"Ingia, mama wa spishi!" Profesa alikuwa mbele ya kompyuta, anasoma kwa kidole.

"Profesa, usitume."

"Kuna koma nimesahau?"

"Hawakutoweka." Akaiweka chupa mezani. "Wapo humu. Ni mchanga wa yule mwanafunzi. Namba kumi na tatu. Niliuosha kabla tu ya kumi na nne, chekeche moja."

Profesa aliifungua karatasi taratibu, akamwaga punje kwenye trei ya mezani kwake, akavuta hadubini yake ndogo. Alitazama kwa muda mrefu sana. Jicho alisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Kumbe mko hai," Profesa alisema, si kwa Jicho, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyefurahi. Halafu ukashuka. "Rangi hukutia."

"Sikutia."

"Daftari lina tiki. Nililikagua mwenyewe, mara mbili."

"Nilitia tiki."

"Kwa nini?"

Jibu la homa lilikuwa pale mdomoni, limeiva kabisa, na Profesa asingeomba kadi ya kliniki. Jicho akaliacha. "Nilikuwa naenda kupiga picha na mtoto. Sikutaka kucha za buluu."

Profesa alivua miwani. "Chupa hii umeijua lini?"

"Jumatatu. Si ya jana, ile nyingine."

"Kabla ya mkutano."

"Kabla ya mkutano, Profesa."

"Ulikuwa kiti cha mbele."

"Nilikuwa."

"Ulipiga makofi. Nilikuona, nikafurahi."

Laiti angefoka. Jicho alingoja afoke, lakini mzee alizidi kusema polepole. "Kucha ningezisamehe leo leo. Mimi mwenyewe nimeharibu sampuli nyingi kuliko wewe. Siku nane ndizo zinanishinda. Na kuna wengine? Sampuli nyingine ulizotia tiki tu?"

"Hakuna. Ile moja tu."

"Nitajuaje?"

Neno la Jicho ndilo lilikuwa ushahidi, na ushahidi wenyewe alikuwa ameuharibu kwa tiki moja ya kalamu.

"Kuanzia kumi na nne mpaka thelathini na moja," Profesa alisema, "nusu ya matope ya kila moja iko chumba cha baridi. Zitaoshwa upya. Fundi ataosha. Wewe utachambua, na yeye ndiye ataandika daftari."

"Sawa, Profesa."

"Jenasi bado ni mpya, hakuna aliyewahi kuieleza. Lakini sura nzima ya umri inaondoka, na kielelezo lazima kichaguliwe upya humu, kwenye chupa hii. Waliokuwa ukumbini nitawaandikia mmoja mmoja kwamba nilikosea."

"Hukukosea wewe."

"Jina lililosimama pale mbele ni langu."

Jicho alilia hapo, bila sauti, akajifuta kwa mkono wa koti. "Jina langu liondoe, Profesa. Naomba."

"Naliondoa," alisema, na hakumtazama. "Jina likishachapishwa halifutiki, hata kama aliyepewa hakustahili. Ndiyo maana nakushukuru kwamba umekuja kabla ya saa sita." Shukrani hiyo ilimchoma kuliko kofi. "Nenda. Nina barua za kuandika."

Alirudi kwenye stuli yake, akachambua mpaka saa ya kutoka. Fundi, ambaye sasa alikuwa ameitwa na kuelezwa, alipita nyuma yake na ndoo ya matope, hakupiga mluzi, hakuuliza soda.

Nyumbani wifi alikuwa tayari barazani, amembeba mtoto, ameshamchukua kwa jirani. Kwenye kochi kulikuwa na kitambaa kipya.

"Mama yako Spishi huyo anakuja!" alimwambia mtoto. "Wifi, limetoka? Nimewaambia akina mama wa kikundi, Jumamosi wanakuja kukupongeza. Kitambaa hicho ni cha kwako, tumekichangia."

Njiani Jicho alikuwa ameandaa sentensi. Profesa amebadili mawazo, basi. Wakubwa ndivyo walivyo. Wifi angemtukana Profesa kwa dakika tano, kisha wangekunywa chai, na mtaa mzima ungemhurumia. Sentensi ilikuwa nzuri, haina mwanya.

Alimchukua mtoto kwanza, akampakata. "Halitoki, wifi. Limeondolewa."

"Nani kaliondoa? Yule mzee? Si nilisema wasomi—"

"Nimeliomba mimi. Nilidanganya kazini. Kuna kazi sikuifanya, nikaandika nimeifanya. Mzee wa watu akaamini, akasimama mbele ya umati akasema jambo lisilo kweli. Na mimi nilikuwa najua, nikampigia makofi."

Wifi alikaa. Mtoto alishika kola ya mama yake, akavuta.

"Wewe?" wifi alisema. "Wewe ambaye ukipewa chenji imezidi unarudi nayo mpaka dukani?"

"Mimi huyo huyo."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Ila kazi yangu sasa inaandikwa na mtu mwingine."

Wifi alikitazama kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Sasa hawa watu niwaambieje? Jumamosi ni siku nne tu. Tuseme uchapishaji umeahirishwa. Wanasahau wale, mwezi mmoja hawakumbuki."

"Usiseme umeahirishwa."

"Basi niseme nini? Mimi mdomo wangu hautaweza kusema wifi yangu ni mwongo. Usinipe kazi hiyo."

"Sikupi," Jicho alisema. Alichukua kitambaa kwenye kochi, akakiweka begani, akamsogeza mtoto upande wa pili wa nyonga. Jua lilikuwa bado juu kidogo na majirani wengi walikuwa milango wazi, wanaosha vyombo. Waliochanga walikuwa kumi na mmoja. Alisimama kwanza kizingitini, uso unamwaka kama aliyetoka jikoni. Halafu akavuka uchochoro, akafika mlango wa kwanza, mlango wa mwenye duka, akabisha hodi.

"Karibu, Bi Spishi!" mtu aliitikia kutoka ndani.

"Si Bi Spishi," alisema. "Ni mimi tu. Nimekuja kurudisha kitambaa, na nina neno."